Busha Nisilokuwa Nalo

Nianze kwa kukiri, maana najua wengi wenu mmeshaisikia kwa midomo mingine na kila mdomo umetia chumvi yake: ni kweli, mimi Saidi Nfaume, karani wa ofisi ya kilimo pale Palma, mtu mzima mwenye watoto watano na ndevu zilizoanza mvi, niliaibika mchana kweupe mbele ya watu waliojaa ukumbi mzima kusubiri mbegu, na katika ukumbi huo walikuwemo wazee wangu wawili na baba mkwe. Hilo sikatai. Ila wapo wanaodhani ninachokionea haya ni kile nilichokwenda kukatwa hospitali. Hao wakae vizuri wasikilize, kwa sababu hicho sikionei haya hata chembe, na nitakirudia mbele ya yeyote.

Chanzo ni Mwanacha, mke wangu, au niseme chanzo ni mimi, maana watoto hawaingii tumboni kwa miguu yao. Wa nne alimzaa porini mwaka ule tuliokimbia vita, juu ya kanga moja, bila mkunga, mimi nimemtandia shuka juu kumkinga na jua. Wa tano alimzaa hospitali baada ya kurudi, nikajua safari hii tumepona, kumbe damu ilikataa kukatika mpaka nguo zote tulizobeba zikaisha tukaazima za wagonjwa wengine (nilizifua mimi kwa mikono yangu, nasema hivi kwa sababu itakuja kuhitajika mbele). Muuguzi mmoja, mama wa Nampula asiyependa maneno mengi, aliniita nje akaniambia kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, "Bwana, huyu akibeba mimba nyingine, mimi siku hiyo sitaki kuwa zamu."

Tukajaribu sindano za kuzuia mimba, akakaa wiki tano anavuja. Tukajaribu vidonge, presha ikapanda mpaka anaona nyota. Tukauliza kuhusu yeye kufungwa uzazi, daktari akasema kwa presha ile hapendi kumlaza usingizi. Kisha akanigeukia mimi niliyekuwa nimekaa kimya pale kama mtu aliyesindikiza tu, akasema kwako wewe ni kazi ya nusu saa, ganzi kidogo, unarudi nyumbani siku hiyo hiyo. Mwanacha akaniangalia. Na mimi, juu ya mota, pikipiki ya kurudi nyumbani Quitunda, nikawa nimeshakata shauri.

Sasa sisi wafanyakazi wa serikali kila mwezi mshahara unakatwa kidogo kwa ajili ya matibabu, na mimi nimekatwa miaka kumi na miwili bila kuchukua hata kidonge cha kichwa. Nikaenda kwa Dona Amelia, mama wa utumishi aliyeletwa kwetu kutoka Inhambane, ambaye Kiswahili hajui zaidi ya "karibu" na "bei gani", nikamwomba guia, ile karatasi yenye muhuri inayokupeleka hospitali kwa bima ya serikali. Akauliza guia ya nini. Nikamwambia kwa Kireno, polepole, macho yangu yakiwa kwenye kalenda ya ukutani. Akavua miwani.

"Seu Saidi, wanawake wa kufunga uzazi ninao kwenye orodha yangu. Mwanamume hajawahi kuniomba, sijui kama bima inagharamia."

Nikamwambia, "Dona, huo mshahara mlipokuwa mnaukata hamkuniuliza kama mimi ni mwanamume au mwanamke."

Alicheka mpaka akafuta machozi, akaandika Pemba, makao makuu ya mkoa wetu, kuuliza, na baada ya wiki tatu jibu likaja kwamba inagharamia. Akanikabidhi guia imepigwa muhuri, nakala akabaki nayo yeye, akaniambia, "Ila wameruhusu hii moja, nyingine watazitazama zikifika kwao. Ukiiharibu sina uhakika kama watanipa tena." Mpaka hapo mimi ni shujaa, na ningeishia hapo nisingekuwa na mkasa wa kuwasimulia.

Tatizo ni kwamba kwetu mtu haendi kwenye kisu bila kuaga wazee wamsomee fatiha. Ukienda kimya kimya halafu ukafa mezani, wazee watakaa matangani wakisema huyu alikuwa na kiburi. Mwanacha akanishikilia, "Baba Fatu, kaage." Nikaenda kwa Baba Mkubwa, kaka wa marehemu baba yangu, ambaye nyumba yake ya matofali ni ya mstari wa nne kutoka kwetu (Quitunda ni kijiji tulichojengewa, nyumba zote sura moja, mgeni hujikuta amekaa kwenye ukumbi wa mtu asiyemjua). Nikatoa shikamoo, nikasema nimekuja kuaga, naenda kupasuliwa. Akauliza, kama ambavyo mtu yeyote angeuliza, "Unaumwa nini, mwanangu?"

Na hapa ndipo penye jambo dogo lililozaa yote. Mdomo ulikuwa umeshafunguka kusema ukweli. Nikamwona Baba Mkubwa na tasbihi yake, mzee aliyezika watoto wanne na kulea kumi na mmoja, nikaona jinsi neno "kufunga uzazi" litakavyomwingia sikioni, na mdomo wenyewe ukanigeukia ukasema, "Busha, Baba. Limeanza tu, bado dogo."

Niliona nimechagua vizuri. Busha ni ugonjwa wa wanaume, halina lawama, na mwenye nalo haulizwi maswali mengi. Nilichosahau ni kwamba pwani yetu hii mabusha ni mengi kuliko yanavyosemwa, yamefunikwa tu na kanzu.

Baba Mkubwa aliiweka tasbihi chini. Kisha akainuka, akaenda kufunga mlango, akarudi kuketi kwa namna ambayo nilikuwa nimeiona maisha yangu yote bila kujiuliza: mkono mmoja kwanza chini kuweka sawa, mwili ukafuata.

"Na mimi pia," akasema. "Tangu kabla hujazaliwa."

Nikasema pole, Baba.

"Hiyo karatasi yako ya serikali, inafunika wewe peke yako?"

Mngekuwa ninyi mngefanyaje? Nikasema inafunika mimi, mke, watoto na wazazi wangu.

"Baba yako mzazi alishatangulia, nafasi yake iko wazi," akasema. "Mimi ni nani yako?"

"Ni baba yangu."

"Basi."

Akanisomea fatiha ndefu ambayo sijawahi kusomewa, na mimi nikaitikia amina kwa sauti, kwa sababu niliona mambo yakishafika kwenye dua hayarudi nyuma.

Baba Mkubwa, niliyemwomba asimwambie mtu, alimwambia Baba Mdogo siku hiyo hiyo, maana Baba Mdogo naye alikuwa nalo. Baba Mdogo akapanda mota mpaka kijiji cha Mute kumwambia Mzee Isa, baba yake Mwanacha, mkulima wa mihogo, ambaye naye, nadhani mmeshaelewa, alikuwa nalo. Ijumaa baada ya sala imamu akaomba dua kwa ajili ya mtoto wetu Saidi na ugonjwa wake wa siri, na msikiti mzima, Mungu awasamehe, ukatazama suruali yangu. Majirani wakaleta uji wa mchele. Na mimi mjinga, badala ya kukata kamba mapema, nikaanza kutembea miguu imeachana kidogo ili mambo yaende sawa. Kuna siku nilipita njia ya visimani namna hiyo huku akina mama wakinipa pole, na Mwanacha ananitazama kwa mbali. Nikadhani ananihurumia.

Jumatatu iliyofuata ndiyo siku ya kugawa mbegu za mahindi na kunde. Watu wamekuja tangu asubuhi kutoka Mute, kutoka Quitunda, kutoka mjini, ukumbi wa ofisi hauna pa kuweka mguu, mimi niko stoo kwa nyuma napanga magunia. Sikujua kwamba wazee wangu watatu wameingia na kanzu zilizopigwa pasi, wamepishwa na watu kwa heshima, wakaenda moja kwa moja mezani kwa Dona Amelia, ambaye siku hiyo alihamishia meza yake ukumbini ili asaidie kuandikisha. Kwa kuwa yeye Kiswahili hajui na wao Kireno chao ni cha kusalimia, akaitwa Anli mlinzi awe mkalimani. Anli ni mtu mwema. Ila Anli ndiye pia anayetangaza misiba kwenye kipaza sauti cha msikiti, na sauti ile hajui kuipunguza.

Haya niliyasimuliwa baadaye na watu wasiopungua ishirini, na wote walikubaliana neno kwa neno, kwa hiyo nayaamini. Baba Mkubwa alisema, "Mwambie sisi ni baba zake Saidi. Tunataka tufanyiwe hicho hicho alichoandikiwa Saidi."

Dona Amelia akauliza, hicho hicho kabisa? Anli akauliza. Wote watatu wakasema hicho hicho.

Wanasema uso wa yule mama uling'aa. Alikuwa ameambiwa, alipohamishiwa kwetu, kwamba wanaume wa pwani kwa jambo hili hawasogei hata uwavute kwa winchi, na leo wamemjia watatu, wazee, kwa miguu yao, mbele ya watu. Akachukua fomu tatu. Ila akaona miaka kwenye vitambulisho vyao, akauliza kwa adabu kama kweli katika umri huo bado kuna haja.

"Haja ipo," Baba Mkubwa akajibu. "Nimelibeba toka ujana. Nimechoka."

Dona akaandika. Akafika mahali ambapo lazima mtu aelezwe kabla ya kutia dole gumba, akamwambia Anli awafafanulie vizuri, wasije wakalalamika kwamba hawakuambiwa. Na Anli akafafanua, kwa sauti ile ya misiba, ukumbi mzima ukisikia mpaka nje kwenye foleni: "Dona anasema, wazee wangu, mkishakatwa hiki mlichoomba, hakuna tena kuzaa. Milango imefungwa moja kwa moja."

Mimi nilitokea na gunia begani kwenye ule ukimya. Sikujua kimetokea nini, nilijua tu kwamba watu mia wamenyamaza na wote wananitazama mimi.

"Saidi," akasema Baba Mkubwa, hakupaza sauti. "Umekwenda kuandikiwa kukatwa nini?"

Mtu mmoja nyuma akasema "maksai", wengine wakacheka ndani ya mikono. Baba Mdogo akawa anafuta vumbi lisilokuwepo kwenye kofia yake. Dona Amelia aliponiona nimesimama namna ile alielewa kwamba kuna kitu hakijakaa sawa, akainua ile nakala ya guia yangu, akaniambia kwa Kireno, kwa huruma kabisa, "Seu Saidi, kama ulibadilisha mawazo au kama niliandika vibaya, sema tu. Naichana hapa hapa, naifuta na ile yako, na yameisha."

Alinipa mlango wa kutokea. Ningesema ndiyo, Dona, uliandika vibaya, ilikuwa busha, ukumbi mzima ungecheka makosa ya mgeni na mimi ningeenda zangu na heshima yangu. Wallahi nilitamani. Neno lilikuwa kwenye ulimi. Halafu nikaiona karatasi vidoleni mwake, ameshaishika kwa mikono miwili tayari, na nikamkumbuka yule muuguzi asiyetaka kuwa zamu.

Nikatua gunia. "Usichane," nikamwambia Dona, kisha nikageuka nikasema kwa Kiswahili, na safari hii sikuhitaji Anli. "Hakukosea mtu kuandika. Ni mimi, na nimeomba mwenyewe. Busha sina, sijawahi kuwa nalo, niliwadanganya wazee wangu na kwa hilo nawaomba radhi hapa hapa mbele ya wote. Lakini hili la kufunga uzazi siombi radhi kwa mtu. Aliyesema maksai aje mbele aniambie ni nguo ngapi za damu alizomfulia mkewe, tuhesabiane."

Hakuja mtu. (Namjua ni nani, na yeye anajua kuwa namjua, tunasalimiana vizuri tu.)

Baba Mkubwa akasema, "Watoto ni riziki ya Mungu, Saidi."

"Ndiyo, Baba. Na mama yao pia."

Aliniangalia kama mtu anayetazama nyumba aliyoijenga ikaota mlango upande asioujua. Akachukua fimbo yake akatoka, Baba Mdogo nyuma yake, na watu wakawapisha kimya kimya. Nikajua nimempoteza mzee wangu, na iliniuma, siwafichi, inaniuma mpaka leo nikipita mstari wa nne.

Akabaki Mzee Isa, baba mkwe. Yeye ndiye niliyekuwa namwogopa kuliko wote, maana ni binti yake, na kwetu likitokea jambo kama hili huwa hawasemi mume ameamua, husema mke amemroga. Alikaa palepale kwenye kiti. Akamwambia Anli, "Mwulize huyu mama kama binti yangu analijua hili." Nikajibu mwenyewe kwamba analijua. Mzee akatikisa kichwa polepole. Ninyi wa Mute mnamkumbuka dada yake Mwanacha, yule mkubwa, aliyekwenda kujifungua wa saba akarudishwa amefunikwa. Mzee hakumtaja. Alisema tu, "Anli, mwambie kama karatasi zake zinaweza kuandika busha, langu aniandikie. Hii ya mkwe wangu aiache kama ilivyo."

Mkwe, kwa taarifa yenu, kwenye bima yangu hayumo. Lakini Dona Amelia aliposimuliwa yote, akaenda kupiga simu nje, akarudi kusema wa mabusha huwa wanatengewa siku yao hospitali, hawahitaji guia ya mtu, wafike tu na vitambulisho. Miaka yote ile ya kubeba, kumbe ni kuuliza tu.

Mnadhani aibu iliishia hapo. Ile ya ukumbini niliibeba nikiwa nimenyoosha shingo. Nilifika nyumbani mchana ule nimejiandaa kusimuliwa ushujaa wangu, maana habari ilitangulia kwa mota kabla yangu, nikamkuta Mwanacha nyuma ya nyumba anachekecha unga wa muhogo. Hakuinua macho.

"Nimesikia umesema," akaniambia.

Nikasema ndiyo, Mama Fatu, nimewaambia wote.

"Wiki nzima ulikuwa tayari Quitunda yote ikujue una busha." Akagonga chekecheke pembeni. "Ukatembea matege mbele ya wenzangu kisimani. Ulikuwa tayari kwa yote hayo, kuliko wakujue kwamba unaogopa nisife."

Nikatafuta la kujibu. Nimesoma mpaka darasa la kumi na mbili, naandika Kireno cha ofisi, ukumbini nilikuwa na maneno ya kuwatosha watu mia, na pale mbele ya chekecheke sikuwa na hata moja. Hiyo ndiyo aibu ninayoizungumzia. Kucheka kwa ukumbi kulikwisha siku ile ile, lakini maneno hayo mpaka leo nikiona unga mweupe nayasikia.

Alhamisi nilikwenda hospitali naye, yeye ndiye aliyesaini kwamba ananichukua. Ilikuwa nusu saa kweli. Kurudi nilikaa upande upande nyuma ya mota kama wanavyokaa akina mama wenye kanga, dereva anaenda polepole kwenye mashimo, Mwanacha kwenye mota ya pili nyuma yetu amefunika mdomo kwa mtandio, mabega yakimtikisika kwa kicheko, na sikumkataza. Kila tulipopita watu wakainua mikono na mimi nikainua wangu. Aliyeuliza nimetoka wapi nilimjibu nimetoka kufunga uzazi, kwa sauti ya Anli.

Baba Mkubwa hajanisamehe. Salamu anapokea, ukumbi wake hanikaribishi. Siku ya mabusha ilipofika alikwenda, mimi nilimwona kwa mbali, na sasa anaketi moja kwa moja bila ule mkono. Ila kila Ijumaa humtuma mjukuu wake nyumbani kwangu kuuliza jambo moja, nalo si habari yangu: presha ya Mama Fatu ikoje. Nami hujibu imeshuka, Baba, alhamdulillahi.

Kwa hiyo nimeapa, na ninyi ni mashahidi. Nikikatwa tena sehemu yoyote ya mwili huu, kwa bima au bila bima, nitawaaga wazee na nitawaambia ni nini na ni kwa ajili ya nani, waninunie siku hiyo hiyo kuliko waniombee dua ya ugonjwa nisiokuwa nao. Kwa sababu juzi kisimani mama mmoja mgeni, ambaye habari ilimfikia nusu, alimuuliza Mwanacha kama busha la mumewe limepona, na Mwanacha akatua ndoo, akamjibu mbele ya wote, "Hakuwa na busha. Alikuwa na mke." Na mimi nilikuwa nimesimama palepale na dumu la maji, miguu imenyooka.